Bunge la Jamhuri Sita na Haki ya Kukataa

Hotuba iliyotolewa Kampala mbele ya wanafunzi wa Kiswahili na wa sayansi ya siasa waliokuwa wakijiandaa kwa bunge la mazoezi

Mheshimiwa Spika wa bunge la mazoezi, walimu wenzangu, wanafunzi na wageni wote mliofika, nawasalimu kwa heshima.

Nawashukuru kwa kunialika, na nawashukuru zaidi kwa kuniletea rasimu yenu ya katiba mapema, nikapata nafasi ya kuisoma kifungu kwa kifungu. Mmebuni shirikisho la kijamaa lenye jamhuri sita zinazozunguka ziwa moja. Jamhuri iliyo kubwa kuliko zote ina zaidi ya nusu ya watu wa shirikisho. Iliyo ndogo ni ya visiwa, na wengi wa watu wake ni wavuvi. Wiki ijayo mtaketi kama wabunge wa shirikisho hilo na kujadili bajeti yake ya kwanza. Nimeombwa nizungumzie muundo wa Bunge lenyewe, nami nitautazama sambamba na mabunge ya mashirikisho ya kijamaa yaliyopata kuwepo duniani, kwa sababu mengi mliyoyaandika yalikwisha kuandikwa huko, na yaliyoyapata yanajulikana.

Nina hoja moja tu. Katika Baraza la Jamhuri mmewapa wadogo haki ya kuukataa muswada, na haki hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini hamkuwapa muda wa kuitumia, wala utaratibu, wala mazoea. Haki ya kukataa ikilala miaka mingi huamka siku ya mgogoro mkubwa, na siku hiyo haiwezi tena kurekebisha sheria. Inaweza kuvunja shirikisho tu.

Tuanze na Umoja wa Kisovyeti, ambao rasimu yenu inaufuata kwa karibu kuliko mwingine wowote. Katiba ya mwaka 1936 iliunda Sovyeti Kuu, yaani bunge la nchi, yenye mabaraza mawili yaliyo sawa kwa mamlaka: Baraza la Muungano, ambalo wajumbe wake walichaguliwa kwa kufuata idadi ya watu, na Baraza la Mataifa, ambalo wajumbe wake walitoka katika jamhuri na maeneo ya kitaifa. Chini ya katiba ya mwaka 1977 kila baraza lilikuwa na wajumbe 750. Hesabu ya Baraza la Mataifa inastahili kutazamwa kwa makini, maana ilipangwa kwa uangalifu mkubwa. Jamhuri 15 za muungano zilipata wajumbe 32 kila moja. Jamhuri 20 zilizojitawala ndani ya hizo zilipata 11 kila moja. Mikoa 8 iliyojitawala ilipata 5 kila mmoja. Na wilaya 10 zilizojitawala zilipata mjumbe mmoja mmoja. Jumlisheni wenyewe, mtapata 750 kamili. Estonia, yenye watu wapatao milioni moja na nusu, ilikuwa na viti 32 vya jamhuri sawasawa na Urusi, iliyokuwa na watu zaidi ya milioni 130. Anayetaka usawa wa viti hawezi kudai zaidi ya hapo.

Sasa tazameni namna Sovyeti Kuu hiyo ilivyofanya kazi. Ilikutana mara mbili kwa mwaka, na kwa kawaida kila kikao kilikwisha baada ya siku chache. Katika siku hizo ilipitisha mpango wa uchumi wa nchi nzima pamoja na bajeti, ikathibitisha na amri ambazo Presidiamu, yaani kamati yake ya kudumu, ilikuwa imezitoa kati ya kikao na kikao. Kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono, na kwa miaka takribani hamsini mikono ilinyooshwa yote kwa pamoja. Mjumbe wa Estonia na mjumbe wa Uzbekistan walikuwa na viti sawa na mwenzao wa Urusi, ila viti hivyo havikutumika kubadili hata mstari mmoja wa muswada, kwa kuwa Chama cha Kikomunisti kilikuwa kimekwisha kuamua kabla kikao hakijafunguliwa.

Ndiyo maana neno la kwanza la kukataa lilipotoka, lilikuwa zito mno. Tarehe 16 Novemba 1988 Sovyeti Kuu ya Estonia, chombo kilekile kilichozoea kuunga mkono kila jambo, ilitangaza kwamba sheria za jamhuri yake ziko juu ya sheria za Muungano. Siku kumi baadaye Presidiamu huko Moscow ikalifuta tamko hilo. Hapakuwa na kamati ya maridhiano ya kulipokea, wala kanuni ya kulijadili, wala mjumbe mwenye uzoefu wa kukaa na mwenzake wakatafuta maneno ambayo pande zote mbili zingeyakubali. Mwezi Mei 1989 ulifunguliwa Mkutano wa Wajumbe wa Umma, bunge jipya lenye wajumbe 2,250, na mijadala yake ikarushwa moja kwa moja kwenye televisheni. Raia walimwona Sakharov, mwanafizikia na mtetezi wa haki za binadamu, akipambana kupata nafasi ya kusema, akidai kifungu cha 6 cha katiba, kilichokipa chama kimoja uongozi wa nchi, kifutwe. Hilo lilikuwa bunge la kweli, lenye hasira na lenye uhai, lakini lilikuja likiwa limechelewa. Tarehe 26 Desemba 1991, baraza moja la Sovyeti Kuu, likiwa na wajumbe wachache ukumbini, lilipitisha tamko kwamba Umoja huo haupo tena. Sidai kwamba bunge ndilo lililouvunja; uchumi, vita na historia ya mabavu vina sehemu yao kubwa. Nadai kwamba bunge, ambalo lingeweza kuwa mahali pa kuupunguza mgogoro, halikuwa limewahi kufundishwa kazi hiyo.

Mfano wa pili ni Chekoslovakia, na hapa naomba tukae kidogo, kwa kuwa kifungu chenu cha 34, cha haki ya kukataa, kinafanana mno na sheria yao. Majeshi ya Mkataba wa Warsaw, muungano wa kijeshi ulioongozwa na Umoja wa Kisovyeti, yaliingia nchini humo mwezi Agosti 1968 kuyazima mageuzi. Miongoni mwa mambo machache yaliyosalia katika mageuzi hayo ni sheria ya shirikisho, iliyotiwa saini katika ngome ya Bratislava tarehe 30 Oktoba 1968, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1969. Bunge la Shirikisho likawa na Baraza la Umma lenye wajumbe 200 na Baraza la Mataifa lenye wajumbe 150, yaani Wacheki 75 na Waslovakia 75, ingawa Wacheki walikuwa zaidi ya mara mbili ya Waslovakia kwa idadi. Ikawekwa kanuni ya kuzuia taifa kubwa kulishinda dogo kwa wingi wa kura. Katika mambo maalumu, kama bajeti na kodi, kila nusu ya Baraza la Mataifa ilihesabiwa kura zake peke yake, na muswada ulihitaji kuungwa mkono na zaidi ya nusu ya wajumbe wote wa kila upande.

Tuifanye hesabu hiyo kama ambavyo makatibu wenu wataifanya wiki ijayo. Tuseme wajumbe wote 200 wa Baraza la Umma wamesema ndiyo. Wacheki wote 75 wamesema ndiyo. Waslovakia 37 nao wamesema ndiyo. Hizo ni kura 312 katika bunge la watu 350, na muswada umeanguka, kwa sababu upande wa Slovakia ulihitaji kura 38. Na kama jambo lenyewe lilikuwa kubadili katiba au kumchagua rais, kila upande ulihitaji tatu ya tano, kwa hiyo wajumbe 31 wa upande mmoja walitosha kulizuia. Kwa taifa dogo hiyo ni kinga madhubuti kabisa.

Kwa miaka ishirini kinga hiyo haikumzuia mtu yeyote. Chama kiliamua, mabaraza yakaidhinisha. Utawala wa chama kimoja ulipoanguka mwishoni mwa mwaka 1989, kanuni ikaamka ikiwa nzima, mikononi mwa wabunge wapya ambao hawakuwa na desturi yoyote ya kuitumia. Mwaka 1990 walianza kugombania jina la nchi, hata wakabishana kama liandikwe kwa kistari au bila kistari. Tarehe 3 Julai 1992 wajumbe wa Slovakia walizuia Rais Havel asichaguliwe tena kuwa rais, na mwezi huohuo akajiuzulu. Tarehe 25 Novemba 1992 Bunge la Shirikisho likapitisha sheria ya kulimaliza shirikisho lenyewe ifikapo mwisho wa mwaka, bila kura ya maoni ya wananchi. Waliachana bila damu, na jambo hilo ni la kuwapongeza mbele ya dunia nzima. Lakini ninyi hamjakusanyika hapa kubuni talaka.

Yugoslavia ilijaribu njia nyingine, na katika tatu hizi ndiyo inayonigusa zaidi, kwa kuwa waliifikiria kazi ya mwakilishi kwa undani. Katiba ya mwaka 1974, yenye vifungu 406, iliunda Bunge lenye mabaraza mawili. Baraza la Shirikisho lilikuwa na wajumbe 220, 30 kutoka kila jamhuri kati ya sita na 20 kutoka kila mmoja wa mikoa miwili iliyojitawala. Baraza la Jamhuri na Mikoa lilikuwa na wajumbe 88, 12 kwa kila jamhuri na wanane kwa kila mkoa, na hawa walitumwa na mabunge ya kwao, wakabaki kuwa wajumbe wa mabunge hayo. Walikwenda Belgrade na maelekezo, na katika mambo makubwa ilibidi wajumbe wa pande zote nane wakubaliane. Muswada ukibadilika, mjumbe alilazimika kurudi kuuliza nyumbani.

Jambo lililowasumbua mwaka hata mwaka lilikuwa fedha. Tangu 1965 kulikuwa na mfuko wa shirikisho wa kuendeleza maeneo yaliyokuwa nyuma, yaani Bosnia na Herzegovina, Makedonia, Montenegro na Kosovo, na kila jamhuri ilichangia sehemu isiyofika asilimia 2 ya pato lake. Slovenia na Kroatia zililalamika kwamba fedha zao zinatumika vibaya. Kosovo ililalamika kwamba pengo linazidi kupanuka badala ya kupungua. Malalamiko yote mawili yalikuwa na msingi. Hapa ndipo penye kiini cha bunge la shirikisho la kijamaa, na naomba mpaelewe vizuri. Bunge la namna hiyo hugawa kodi, na zaidi ya kodi huamua kiwanda kijengwe wapi, umeme uende kwa nani, bei ya pamba au ya samaki iwe kiasi gani, na jamhuri ipi isubiri ili nyingine ipate. Kila uamuzi wa kiuchumi hugeuka kuwa uamuzi kati ya taifa na taifa. Kwa hiyo bunge hilo linahitaji majadiliano mengi zaidi ya bunge la kawaida, na historia inaonyesha kwamba mashirikisho ya kijamaa mara nyingi yaliyapa mabunge yao nafasi ndogo zaidi. Deni la nje la Yugoslavia lilipokaribia dola bilioni 20 katika miaka ya 1980, na maamuzi yakahitajika kwa haraka, makubaliano ya pande nane yalichukua muda ambao nchi haikuwa nao. Mwaka 1989 Serbia ikaupunguza uhuru wa Kosovo na Vojvodina, na hesabu yote iliyokuwa imepangwa kwa uangalifu ikapoteza maana yake.

Huenda mtu akasema kwamba haya ni ya Ulaya. Hapana, yametugusa hapa hapa. Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962 ilikuwa na katiba iliyoipa Buganda hadhi ya shirikisho, na wabunge 21 wa Buganda walichaguliwa na Lukiiko, bunge la ufalme wa Buganda, pale Mengo. Mpango huo ulikuwa na kasoro zake, lakini ulikuwa mpango uliojadiliwa. Tarehe 15 Aprili 1966 wabunge wa taifa waliitwa, wakaombwa kupitisha katiba mpya ambayo hawakuwa wameiona. Waliambiwa kwamba nakala zao watazikuta katika visanduku vyao vya barua. Wakaipitisha kwanza, kisha wakaenda kuisoma. Kila mwanafunzi wa Uganda anaifahamu habari hiyo, na nairudia leo kwa uchungu, kwa sababu watu waliokuwa ukumbini siku ile walikuwa na elimu, walikuwa na viti, na walikuwa na haki ya kusema hapana. Walichokosa ni siku chache za kusoma. Na pale serikali ya Obote ilipochukua mwelekeo wa kijamaa, uamuzi mkubwa kuliko yote, wa serikali kuchukua asilimia 60 ya hisa katika makampuni makubwa, ulitangazwa kwa wafanyakazi katika uwanja wa Nakivubo tarehe 1 Mei 1970. Bunge lilifuata nyuma.

Jirani zetu wa Tanzania wametupa mfano ambao ningependa muusome kwa Kiswahili chake chenyewe, kwa kuwa uko karibu na uko hai. Katiba yao ya mwaka 1977 inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi ya kidemokrasia na ya kijamaa. Ibara ya 98 inasema kwamba mambo fulani ya Muungano hayabadilishwi mpaka yaungwe mkono na theluthi mbili ya wabunge wote kutoka Tanzania Bara na theluthi mbili ya wabunge wote kutoka Zanzibar, kila upande ukihesabiwa peke yake. Tena Baraza la Wawakilishi la Zanzibar huchagua wajumbe wake watano kuingia katika Bunge la Muungano, hivyo sauti ya visiwa huingia ukumbini kwa mlango wake yenyewe. Jamhuri yenu ya visiwa ingefaidika na mlango kama huo, na katika rasimu sikuuona. Bunge la Afrika Mashariki lililoko Arusha nalo hupokea wabunge tisa wa kuchaguliwa kutoka kila nchi mwanachama, iwe Burundi au Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ila mkuu wa nchi mmoja akiendelea kunyima ridhaa yake, muswada hufa, na hapo haki ya kukataa imetoka mikononi mwa wabunge ikaenda Ikulu.

Kwa hiyo naja kwenye rasimu yenu. Kifungu cha 31 kinasema Bunge litakutana mara mbili kwa mwaka, siku tano kila mara. Siku kumi hazitoshi hata kusoma bajeti ya jamhuri sita. Andikeni siku zisizopungua mia moja, na kamati zikutane katikati ya vikao, zikizuru jamhuri moja baada ya nyingine. Kifungu cha 33 kinaipa Kamati ya Kudumu uwezo wa kutoa amri zenye nguvu ya sheria wakati Bunge halijaketi, nanyi mmeandika kwamba Bunge litazithibitisha. Geuzeni mpangilio huo: kila amri ife yenyewe baada ya siku sitini, isipokuwa Bunge limeijadili na kuipitisha kama muswada mwingine wowote. Najua baadhi yenu mtaniambia kwamba mapinduzi hayangoji. Nimezisikia hoja hizo tangu ujana wangu, na naziheshimu, kwa maana umaskini kweli hauna subira. Hata hivyo mvuvi ambaye bei ya samaki wake imepangwa kwa amri ana haki ya kumsikia mtu akiitetea amri hiyo hadharani, na mtu mwingine akiipinga.

Wekeni pia sharti kwamba hakuna muswada utakaopigiwa kura kabla haujakaa mezani siku kumi na nne, umechapwa kwa Kiswahili na kwa lugha za jamhuri zote sita. Ikiwa shirikisho lenu litakuwa na chama kimoja, kama rasimu inavyoelekea kusema, basi kanuni za Bunge ziseme waziwazi kwamba katika Baraza la Jamhuri mjumbe hatafukuzwa chamani kwa kura aliyoipiga juu ya jambo la jamhuri yake. Bila sharti hilo kifungu cha 34 ni karatasi.

Na kifungu cha 34 chenyewe, cha haki ya kukataa, naomba mkigawe katika ngazi. Kwa sasa kinasema ujumbe wa jamhuri yoyote ukikataa, muswada umekufa. Andikeni kwamba ukikataa mara ya kwanza, utoe sababu zake kwa maandishi, na muswada uende kwenye kamati ya maridhiano yenye wajumbe sawa kutoka kila jamhuri, irudi na maneno mapya ndani ya siku thelathini. Ukikataa mara ya pili, sehemu iliyokataliwa isitumike katika jamhuri hiyo kwa mwaka mmoja wa fedha huku mazungumzo yakiendelea. Muswada ufe kwa kukataliwa mara ya tatu tu, na hata hapo ni katika mambo manne: mipaka, lugha, ardhi na mgawanyo wa mapato. Samaki mkunje angali mbichi, na bunge nalo hufundishwa kubishana likiwa changa, katika mambo madogo, wakati hakuna aliyekasirika vya kutosha kuondoka.

Nafasi ya kuanza mnayo tayari. Muswada wa fedha mlionipa una kifungu cha 12, kinachoweka ushuru mmoja wa samaki kwa shirikisho zima, na kiwango chake kinaonekana kilipangwa na mtu anayewafikiria wanunuzi wa bara kuliko wavuvi wa visiwani. Napendekeza kwamba ujumbe wa visiwa ukikatae kifungu hicho siku ya kwanza ya kikao, utoe sababu zake kwa ukurasa mmoja, na Mheshimiwa Spika aiteue kamati ya maridhiano papo hapo, kabla ya mapumziko ya mchana. Wajumbe wa jamhuri kubwa waje na hesabu za kile kitakachopungua katika bajeti ya shule na zahanati iwapo ushuru utashushwa, kwa sababu visiwa navyo vinapaswa kuzisikia. Mimi nitakuwa nimeketi pembeni, na kamati ikikwama katika maneno ya marekebisho niko tayari kusaidia kuyaandika.